Kitambaa Peke Yake Hakitoshi: Habari ya Mabinti wa Ghana

Nchini Ghana uko mto uitwao Ofin, ambao kwa sehemu yake ni mpaka baina ya Mkoa wa Ashanti na Mkoa wa Kati. Kando ya mto huo kipo kijiji cha Kyekyewere, ambacho watoto wake walipaswa kuuvuka ili wafike shuleni. Mwezi wa Januari 2018 habari zilienea ulimwenguni kwamba mabinti wa huko wamekatazwa kuuvuka wakiwa katika siku zao za mwezi. Ilisemwa kwamba mungu wa mto ndiye aliyeagiza, na kwamba siku ya Jumanne pia wamekatazwa, wawe katika hedhi au wasiwe.

Tufanye hesabu kidogo. Wiki ya shule ina siku tano. Ukiondoa Jumanne umekwisha kuondoa siku moja katika kila tano. Ukiongeza siku za hedhi, ambazo kwa wasichana walio wengi ni kati ya tatu na saba kila mwezi, utaona kwamba binti anayelitii agizo lile aweza kupoteza karibu theluthi ya masomo yake. Ndugu yake wa kiume, aliyezaliwa nyumba ile ile na kulishwa chungu kile kile, avuka kila siku. Na mwisho wa mwaka mtihani ni mmoja.

Bibi Shamima Muslim Alhassan, aliyekuwa balozi wa usafi wa hedhi wa UNICEF nchini humo, aliiambia BBC kwamba agizo lile lilivunja haki ya mabinti ya kupata elimu. Alisema kweli. Lakini msomaji aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kijiji kimoja, na kwamba mahali pengine hapana mungu wa mto. Sisi twajibu kwamba mto huo uko mahali pengi, ila una majina mengine. Mahali pengine jina lake ni choo kisicho na mlango. Pengine ni bei ya dukani. Pengine ni kicheko cha wavulana. Na mahali pengi zaidi jina lake ni kutojua.

Huenda mfanyakazi aliyelifungua gazeti hili wakati wa mapumziko ya adhuhuri, mbele ya wenzake, akaona haya kuendelea kusoma. Twamwomba asilikunje. Mtu ambaye ana binti, au dada, au mke, hana sababu ya kuona haya. Na kama jambo hili lingewapata wanaume, hapana shaka lingalikwisha kujadiliwa katika kila mkutano.

MILANGO IMEFUNGULIWA

Ghana si nchi iliyolala katika elimu. Mwaka 1951, kabla ya uhuru, Kwame Nkrumah alipoingia katika uongozi wa serikali, ulipitishwa mpango wa kuieneza elimu upesi, na karo ya shule za msingi ikaondolewa. Uhuru ulipatikana tarehe 6 Machi 1957, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1961 ikafanya shule ya msingi kuwa ya lazima. Septemba 2017, chini ya Rais Nana Akufo-Addo, ada iliondolewa hata katika shule za sekondari za juu. Watoto waliofurika walikuwa wengi mno hata ikabidi, mwaka 2018, shule nyingi kuwapokea kwa zamu.

Basi milango imefunguliwa. Lakini mlango uliofunguliwa una faida gani kwa mtoto ambaye kila mwezi hubaki nje ya kizingiti? Karo ni kikwazo kinachoonekana, nacho huondolewa kwa sheria. Hedhi ni kikwazo kisichotajwa, na kisichotajwa hakiondolewi.

MNYOO ULIOSHINDWA

Kabla hatujaendelea, yafaa tukumbuke vita moja ambayo nchi hiyo ilipigana ikashinda, maana ina fundisho kubwa kwa jambo letu.

Zamani Ghana ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoteswa sana na mnyoo wa Guinea. Mtu hunywa maji ya bwawa yenye vijidudu vidogo vilivyobeba watoto wa mnyoo huo. Hasikii kitu kwa muda wa kama mwaka mmoja. Kisha mnyoo, ambao urefu wake waweza kufika mita moja, hutoboa ngozi, aghalabu mguuni, ukatoka polepole kwa maumivu makali. Mkulima hakulima, mama hakuenda sokoni, na mtoto hakwenda shule. Mwaka 1989 wagonjwa waliohesabiwa nchini Ghana walikuwa karibu 180,000.

Ugonjwa huo hauna chanjo wala dawa ya kuuponya. Silaha kubwa ilikuwa ni kitambaa chenye matundu madogo sana, cha kuchujia maji ya kunywa. Lakini wengi waliamini kwamba mnyoo ule umo katika mwili wa mtu tangu kuzaliwa, au kwamba ni laana. Mtu anayeamini hivyo, ukimpa kitambaa cha kuchujia maji, atakuuliza: Maji yana kosa gani? Kwa hiyo watu wa kujitolea, wengi wao wanawake wa vijiji vile vile, walipita nyumba kwa nyumba wakifundisha, wakieleza, wakirudia. Visima vikachimbwa, mabwawa yakatiwa dawa ya kuua vijidudu, na aliyekuwa na kidonda akafundishwa asiingie majini. Mgonjwa wa mwisho alipatikana mwezi wa Mei 2010, na Januari 2015 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Ghana imeepukana na mnyoo huo.

Mwaka 2018 ushindi mwingine ulifuata: Ghana ikawa nchi ya kwanza katika Kanda ya Afrika ya shirika hilo kuthibitishwa kwamba imeikomesha trakoma, yaani ugonjwa wa vikope unaopofusha, kama tatizo la afya ya umma. Huko nako pamoja na dawa na upasuaji palikuwa na mafundisho: kuosha uso, kujenga vyoo, kuyaweka safi mazingira.

Fundisho ni hili: kitambaa kilishinda kwa sababu kilifuatana na elimu, na elimu ilishinda kwa sababu ilifuatana na kitambaa. Sasa tulichukue fundisho hilo turudi nalo kwa binti wa shule.

JARIBIO LA VIJIJI VINNE

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Paul Montgomery, Linda Scott na wenzao, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya nchini Ghana kwa wasichana 120 wa shule, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, katika vijiji vinne. Wengine walipewa pedi pamoja na mafunzo ya kubalehe. Wengine walipewa mafunzo tu. Na wengine hawakupewa kitu, ili ipatikane njia ya kulinganisha.

Baada ya miezi mitatu, waliopewa pedi na mafunzo walikuwa wakihudhuria shule vizuri zaidi. Na baada ya miezi mitano mahudhurio yao yalikuwa yameongezeka kwa kama asilimia 9. Hilo lilitazamiwa. La kushangaza ni kwamba, kufikia mwezi huo wa tano, wale waliopewa mafunzo tu nao walikuwa wamepanda karibu sawa na wenzao.

Jaribio lilikuwa dogo, wala hapakuwa na kundi lililopewa pedi bila mafunzo. Lakini latupa jambo la kufikiri. Msichana aliyekwisha kuelewa mwili wake aweza kutafuta kitambaa safi, akajistiri, akaenda darasani. Msichana asiyeelewa, ambaye siku ya kwanza aliyoiona damu alidhani ameumia au amelaaniwa, huyo hata ukimpa pedi bado ana hofu, na mwenye hofu hukaa nyumbani.

NANI ATAFUNDISHA?

Zamani swali hili lilikuwa na jawabu. Waakan walikuwa na ada yao ya bragoro kwa binti aliyevunja ungo, na Wakrobo wa Odumase na Somanya wana dipo, ambayo ingali yafanywa hata leo. Msomaji wetu wa pwani anayekumbuka unyago na kazi ya kungwi ataelewa bila kuelezwa zaidi: binti aliwekwa pamoja na wanawake watu wazima, akafundishwa usafi wa mwili, kazi za nyumbani na mwenendo, kisha akatolewa mbele ya watu kwa heshima. Hatuzisifu ada hizo kwa kila kitu, maana yamo mambo ndani yake ambayo mzazi wa leo hayataki. Lakini zilikuwa na jambo moja ambalo sisi tumelipoteza: binti hakuachwa agundue peke yake. Siku hizi dipo yenyewe, ambayo zamani ilichukua muda mrefu, imefupishwa ikawa ya siku chache, na wengine huingizwa wangali wadogo sana, kabla ya kufikia umri ambao mafunzo yale yalikusudiwa.

Kungwi amekwenda zake. Je, mwalimu amechukua nafasi yake? Mwaka 2019 palitokea Ghana mabishano makubwa juu ya mpango wa kuwafundisha watoto wa shule mambo ya mwili na jinsia. Makanisa na viongozi wa Waislamu walipinga, wazazi wakaogopa kwamba watoto wadogo watafundishwa yasiyowafaa, na serikali ikatangaza kwamba mpango ule hautaingizwa shuleni. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anafundishwa nini, hatumlaumu. Lakini akiisha kumkataza mwalimu, sharti afundishe mwenyewe. Kumzuia mwalimu asiseme, na wewe baba ukanyamaza, na mama akanyamaza, ni kumwachia mtoto afundishwe na wenzake wa rika lake, ambao nao hawajui.

BEI YA HESHIMA

Sasa tuje kwenye kitambaa chenyewe, kwa kuwa elimu nayo haimkaushi mtu.

Kwa miaka mingi pedi zilizoingizwa Ghana kutoka nje zilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 20, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, kana kwamba ni vitu vya anasa. Mwezi wa Juni 2023 wanawake na vijana waliandamana mjini Accra kuipinga kodi hiyo. Katika bajeti ya mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwa pedi zinazotengenezwa nchini zitasamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Kisha mwaka 2025 serikali ya Rais John Mahama ilitenga cedi milioni 292.4 na kuanzisha mpango wa kuwagawia bure pedi wasichana wa shule za msingi na sekondari.

Hatua hiyo ni njema, nasi twaisifu. Binti asiye na fedha ya pedi ni rahisi kunaswa na mwanamume mwenye fedha hiyo, na jambo hilo halihitaji mtaalamu wa kutueleza. Wanaojua soko la Accra na la Kumasi wamewaona mabinti waitwao kayayei, waliotoka mikoa ya kaskazini, wakibeba mizigo ya watu vichwani kwa beseni ili wapate chakula cha siku. Msichana wa namna hiyo hulipia hata maji ya kuoga. Naye hayumo shuleni, kwa hiyo pedi zinazogawiwa shuleni hazimfikii.

Ipo pia hatari nyingine, ambayo Tanzania iliionja. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa katika taulo za kike. Mwaka 2019 ikarudishwa, serikali ikisema kwamba bei haikushuka madukani. Faida iliyokusudiwa kwa binti ilikuwa imeishia njiani. Serikali ikitoa kwa mkono mmoja, sharti pawe na macho ya kutazama kama kilichotolewa kimefika: kamati za wazazi, vyama vya wafanyakazi, waalimu wakuu, na wasichana wenyewe.

MAJI, CHOO NA DAMU

Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba nchini Ghana nyumba kama sita katika kila kumi ndizo zilizokuwa na choo chao wenyewe. Kama mbili hivi zilitegemea vyoo vya umma. Zilizobaki hazikuwa na choo cha namna yo yote. Mpe binti pedi, kisha umwambie akaibadilishe porini, au katika choo cha shule kisicho na komeo wala maji. Atafanya nini? Atakaa nayo tangu asubuhi mpaka jioni, apate mwasho na harufu, au atabaki nyumbani.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau ni damu yenyewe. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wasichana wa Ghana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa na upungufu wa damu. Msichana wa namna hiyo huchoka upesi, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Mwaka 2017 ulianzishwa mpango wa kuwapa wasichana kidonge kimoja kila wiki chenye madini ya chuma na foliki, shuleni na katika vituo vya afya, ukianzia katika mikoa minne. Tena hapa mafundisho yalihitajika, maana mzazi asiyeelezwa aweza kudhani kwamba ni dawa ya kuzuia uzazi, akamkataza mtoto asimeze.

WAVULANA NAO

Mwandishi wa makala hii alisomea shule ya misheni. Kila asubuhi tulipanga mstari, na mwalimu akapita akitazama kucha, masikio na kola za mashati. Usafi ulikuwa nusu ya dini. Siku moja msichana wa darasa letu aliinuka ili ajibu swali, na nguo yake ilikuwa na doa nyuma. Darasa lilicheka. Alitoka nje, wala hatukumwona tena kwa wiki nzima. Mwalimu, aliyejua kuzikagua hata kucha za miguu yetu, hakupata neno la kusema. Aligeuka akaendelea kuandika ubaoni. Nami nilicheka pamoja na wenzangu, kwa kuwa hapana mtu aliyekuwa ameniambia kitu.

Kwa hiyo twasema: mafunzo haya si ya wasichana peke yao. Mvulana naye hubadilika. Sauti humvunjika, jasho humzidi, hutokewa na chunusi, hupata ndoto za usiku asizozielewa. Afundishwe kwamba hayo si maradhi. Afundishwe kuoga, kubadili nguo za ndani na kuosha mikono. Na afundishwe kwamba hedhi ndiyo njia ile ile ya uzazi iliyomleta yeye duniani. Mvulana aliyeelewa hacheki. Na akiona doa humpa mwenzake sweta ajifunge kiunoni.

YATUPASAYO

Mfanyakazi aweza kuuliza: Ghana iko mbali, mimi nifanye nini? Afanye yale yaliyo katika uwezo wake, na aanzie nyumbani kwake.

Kwanza, amwambie binti mapema, kabla siku ile haijafika. Wengi huvunja ungo wakiwa na miaka 10 hadi 15. Mama, shangazi au bibi aseme kwa maneno ya wazi. Na baba, kama hapana mwingine, asijifiche nyuma ya desturi.

Pili, katika hesabu ya mshahara, pedi au vitambaa viwekwe pamoja na sabuni na chumvi, visingoje masalio.

Tatu, atumiaye kitambaa akifue kwa sabuni na maji safi, akianike juani mpaka kikauke kabisa. Kukificha chini ya godoro kikiwa kibichi ni kujitafutia mwasho na maradhi. Ama ni pedi ama ni kitambaa, kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi nane, na mikono ioshwe kabla na baada. Pedi iliyotumika isitupwe chooni.

Nne, damu ikiendelea kwa zaidi ya siku saba, au ikawa nyingi mno, au maumivu yakamlaza binti, aende kwa mganga wa hospitali. Vile vile binti aliyefika miaka 15 asipate hedhi.

Tano, katika mkutano wa wazazi mtu mmoja ainuke aulize: Je, choo cha wasichana kina mlango, komeo na maji? Swali hilo halina gharama, nalo lina nguvu kuliko hotuba.

Watu wa Ghana waliushinda mnyoo uliowatesa kwa vizazi vingi, nao walianza na kitambaa na mtu wa kueleza. Mungu wa mto Ofin hana nguvu kuliko mnyoo ule. Nguvu zake zote hutoka katika kimya chetu. Siku tutakaposema, binti atavuka. Mficha uchi hazai.